Wadudu wa Mti Mmoja: Kuanza Mfululizo wa Picha za Rangi za Maji

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kazi isiyotaka fedha nyingi wala nyumba kubwa, nayo ni kuchora wadudu kwa rangi za maji. Hatusemi habari ya picha moja tu, bali ya picha nyingi zenye ujamaa, kama ndugu wa tumbo moja, hata mtu akizitazama zimepangwa ukutani ajue mara moja ya kuwa zimetoka katika nia moja. Kuchora kipepeo mmoja ni kazi ya alasiri moja. Kuchora picha kumi na mbili zinazokwenda pamoja ni jambo jingine kabisa, na wengi hukwama pale pale mlangoni, kama tulivyokwama sisi.

Tulipoanza tulikuwa watu watano, watu wazima wawili na vijana watatu wa shule. Hatukuwa na mpango wowote. Aliyekamata panzi alichora panzi, aliyekuta kerengende amekufa dirishani alichora kerengende. Baada ya miezi miwili tulikuwa na picha kumi na nne, tukazitandaza juu ya mkeka ili tuzifurahie. Hatukufurahi. Moja ilikuwa juu ya karatasi nene, ya pili juu ya karatasi ya daftari iliyokunjamana kwa maji. Panzi alikuwa mkubwa kama panya, na kipepeo mdogo kama ukucha. Huku kivuli kilianguka kulia, huku kushoto, na kila mmoja alikuwa na kijani chake. Mzee mmoja jirani yetu alipita njiani, tukamwamkia, naye akasimama akazitazama kwa muda mrefu, kisha akatuuliza, "Wanangu, hizi mmezinunua kwa watu wangapi?"

Swali lile lilitufaa kuliko sifa. Tulizifunga zile picha katika gazeti tukaziweka juu ya kabati, tukatafuta mwalimu.

Mwalimu tuliyempata alikuwa mwanamke aliyefariki zaidi ya miaka 300 iliyopita. Jina lake ni Maria Sibylla Merian. Alizaliwa mwaka 1647 katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Baba yake alikuwa mchoraji na mpiga chapa wa vitabu, akafa mtoto akiwa na miaka mitatu. Mama yake akaolewa tena na mchoraji wa maua, Jacob Marrel, naye ndiye aliyemfundisha binti kushika brashi. Alipopata miaka 13 alianza kufuga viwavi wa hariri na kuwaangalia siku kwa siku, jinsi wanavyokula, wanavyojivua ngozi, wanavyojifunga na wanavyotoka na mabawa. Wakati ule watu wengi wa Ulaya, na wengine walikuwa wasomi, walisadiki ya kuwa wadudu huzaliwa na matope na vitu vilivyooza. Msichana huyu hakubishana nao kwa maneno. Alitazama akachora.

Mwaka 1679 alitoa kitabu chake cha viwavi, chenye picha 50, na mwaka 1683 akatoa sehemu ya pili yenye picha 50 nyingine. Kisha mwaka 1699, naye ana miaka 52, alipanda merikebu pamoja na binti yake Dorothea akaenda Suriname, nchi iliyo pwani ya kaskazini ya Amerika ya Kusini, ambayo zamani zile ilikuwa koloni ya Waholanzi yenye mashamba ya miwa. Alikaa huko karibu miaka miwili, hata ugonjwa ukamrudisha Amsterdam mwaka 1701. Mwaka 1705 alitoa kitabu chake kikubwa chenye picha 60 za wadudu wa Suriname. Yafaa tuseme wazi ya kuwa hakuifanya kazi ile peke yake. Watumwa, na wenyeji wa asili wa nchi ile, walimkatia njia msituni, wakamletea viwavi na kumweleza matumizi ya miti. Kitabu kina jina lake, lakini mikono yao imo.

Sasa tuangalie ni kitu gani kilichozifunga picha zake pamoja. Karibu kila picha yake ina mmea mmoja. Juu ya mmea ule amechora mdudu anayeula, naye hamchori mara moja tu, bali humchora akiwa yai, akiwa kiwavi, akiwa amelala katika ganda lake, na akiwa na mabawa. Jani limetobolewa mahali lilipoliwa. Ukifungua ukurasa wa 10 au wa 40 utakuta utaratibu ule ule, ingawa mmea ni mwingine na mdudu ni mwingine. Mtazamaji hachoki, kwa sababu ajua mahali pa kutazama, na kila mara huona jambo jipya mahali pale. Hapo tulifahamu ya kuwa mfululizo wa picha hauanzi kwa brashi. Huanza kwa swali moja linaloulizwa tena na tena. Swali la bibi huyu lilikuwa: mdudu huyu ala nini, naye hugeukaje?

Tena tulijifunza kwa kosa lake. Katika picha moja ya Suriname, mti ukiwa ni mkomamanga, alichora nyenje na mdudu mwingine mwenye kichwa kirefu kilichovimba kama karanga. Aliambiwa ya kuwa yule nyenje hugeuka kuwa huyu mwenye kichwa kirefu, akachora na mdudu aliye nusu huyu na nusu yule. Mdudu wa namna hiyo hayupo duniani. Aliandika pia kwamba kile kichwa hutoa mwanga usiku, nacho hakitoi mwanga wowote. Mahali alipochora alichokiona kwa macho yake, wataalamu wamemtumainia miaka mingi, na Linnaeus mwenyewe, aliyewapa wanyama majina ya kitaalamu, alizitumia picha zake. Mahali alipochora alichosikia, aliteleza. Basi tukaweka sharti kati yetu: hatutachora mdudu ambaye hatukumwona sisi wenyewe, na kila picha itaandikwa chini tarehe na mahali alipoonekana.

Swali letu tuliliuliza kwa mti mmoja tu. Nyuma ya nyumba tunayokutania pana mndimu wa makamo, si mkubwa wala si mdogo. Tukasema, "Ni nani hukaa katika mndimu huu?" Mtu asidhani ya kuwa mti mmoja hautoshi. Katika juma la kwanza tulihesabu wageni zaidi ya tuliowataka. Walikuwako nyuki katika maua, vidukari chini ya majani machanga, sisimizi wakubwa wekundu wanaoitwa maji moto, vunjajungu aliyejificha katika tawi, na zaidi ya wote kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye viwavi wake hula majani ya mndimu, mlimau na mchungwa. Wataalamu humwita Papilio demodocus, nanyi mnamfahamu, kwani huonekana karibu kila mahali penye miti hiyo.

Kabla ya kugusa rangi tulifanya mambo machache ambayo twawasihi msiyaruke. Kwanza, tulichukua karatasi moja tukachora juu yake vyumba kumi na viwili vidogo, kila kimoja kama sanduku la kiberiti. Katika kila chumba tukaweka kwa penseli, ovyo ovyo tu, mahali patakapokuwa tawi na mahali patakapokuwa mdudu. Kazi hii ilichukua saa moja, nayo ilituokoa majuma mengi. Tuliona mara moja ya kuwa katika vyumba saba tawi limetoka pembe ile ile ya juu, kama kwamba mti una tawi moja tu. Tukafuta, tukageuza. Kosa lililo katika chumba cha kiberiti hufutwa kwa kidole, bali kosa lililo katika picha ya kumi hulazimisha kuzirudia zile tisa.

Pili, tulikata karatasi zote siku moja, zote za namna moja, urefu sentimita 30 na upana sentimita 20. Iliyo bora ni ile nene ya gramu 300 kwa mita moja ya mraba, kwa kuwa haikunjamani upesi. Asiyeipata na atumie nyembamba zaidi, lakini ailoweshe kwanza na kuibandika kingo zake zote nne juu ya ubao kwa ukanda wa karatasi wenye gundi, kisha aiache ikauke. Itanyoka kama ngozi ya ngoma, nayo haifai kuondolewa ubaoni mpaka picha imekauka kabisa.

Tatu ni vipimo. Sisimizi na kipepeo hawawezi kuwa sawa katika picha, lakini mtazamaji akidanganywa juu ya ukubwa wao amedanganywa jambo kubwa. Tulikata shauri kila mdudu mdogo achorwe mkubwa kiasi cha kuonekana miguu yake, na chini yake uwekwe mstari mfupi wenye urefu wake wa kweli. Nne, nuru yote itoke upande wa kushoto, juu.

Tano ni rangi, na hapa tutakawia kidogo. Mwenye sanduku lenye rangi ishirini na nne hujiona tajiri, naye ndiye anayepotea kwanza. Sisi tulijizuia na rangi nne: manjano moja, nyekundu moja, buluu moja iliyokolea, na hudhurungi moja inayoelekea wekundu. Hatukutumia kijani cha sandukuni hata kidogo. Kila kijani cha mndimu wetu kilichanganywa kwa manjano ile ile na buluu ile ile. Jani changa lilipata manjano zaidi, jani zee lilipata buluu na tone la hudhurungi. Ndiyo sababu majani ya picha ya kwanza na ya kumi na mbili yana udugu, ingawa yalichorwa na mikono mbalimbali. Hata weusi tuliuchanganya wenyewe, buluu na hudhurungi, kwa kuwa weusi wa sandukuni hulala juu ya karatasi kama masizi ya sufuria, bali huu wa kuchanganya una uhai ndani yake, na ukiutazama juani huona ubuluu kidogo, kama bawa lenyewe lilivyo.

Katika rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe. Jambo hili huwasumbua wanaoanza, kwani wamezoea kufikiri ya kuwa kitu cheupe hupakwa mwishoni. Mtu akitaka kumchora kipepeo wetu, asianze na weusi. Na apake manjano nyepesi sana juu ya bawa zima, aache ikauke, na asiwe na haraka. Kisha, kwa brashi yenye ncha kali, azungushe weusi kandokando ya kila doa, akiyaacha madoa kama visiwa. Madoa hayachorwi, huachwa. Rangi ikikauka hupauka kidogo, kwa hiyo na ijaribiwe kwanza juu ya kipande cha karatasi ile ile. Na ili mabawa mawili yalingane, chora upande mmoja juu ya karatasi nyembamba, uikunje katikati, ufuatishe mistari upande wa pili.

Twaongeza neno moja kwa vijana. Mdudu ana miguu sita, na yote sita hutoka kifuani, si tumboni. Mabawa nayo hutoka kifuani. Kichwa, kifua, tumbo: ukikosea mahali pa kuungia mguu, rangi nzuri haitakusaidia. Buibui ana miguu minane naye si mdudu wa jamaa hii, ijapokuwa tulimpa nafasi katika picha moja, kwa kuwa aliishi mtini pamoja na wenzake, na hatukuona haki kumfukuza.

Picha iliyotupendeza sana kuitengeneza ni ya maji moto. Sisimizi hawa hujenga nyumba kwa majani mabichi. Hujipanga safu, wakashika ukingo wa jani moja kwa meno na ukingo wa jani la pili kwa miguu, wakavuta mpaka kingo zikutane. Ndipo wengine huja wamebeba mabuu yao kinywani, nayo mabuu hutoa uzi wa hariri, na wale wakubwa huwapeleka huku na huku baina ya majani kama mfumaji apelekavyo uzi. Tulisimama na kioo cha kukuzia tukaona yote, nao wakatuona sisi pia. Kwa nini waliitwa maji moto hatuhitaji kueleza. Inajulikana ya kuwa huko Uchina, tangu karne ya nne, wakulima waliwaweka sisimizi wa ukoo huu katika michungwa ili wale wadudu waharibifu.

Vunjajungu alituletea shida ya namna nyingine. Kijana mmoja alikataa kumgusa, kwa sababu nyumbani wamesema ya kuwa amgusaye atavunja chungu. Hatukumcheka. Tulimchora pale pale tawini bila kumgusa, na picha ikatoka nzuri kuliko zile za wadudu waliofungwa katika chupa, kwa maana mdudu aliye huru husimama kama asimamavyo. Tangu siku ile tuliacha chupa, isipokuwa kwa viwavi.

Viwavi wa mndimu hustahili kufugwa. Wakiwa wachanga hufanana na mavi ya ndege, weusi weusi wenye doa jeupe, na ndege huwapita. Wakikaribia kukomaa huvaa kijani. Ukimgusa mmoja, hutoa nyuma ya kichwa chake kitu chenye pembe mbili, rangi ya machungwa, na harufu kali huenea. Kumchora katika hali hiyo yataka watu wawili, mmoja wa kumkasirisha na mmoja wa kuchora upesi. Baadaye hujifunga tawini kwa uzi mwembamba wa hariri uliompita kifuani kama mshipi, akajivua ngozi ya mwisho, akawa ganda lisilokula wala kutembea. Wenye elimu huliita ganda hili pupa, nalo ni jina la kuchekesha katika lugha yetu, kwani hakuna kitu duniani kisicho na pupa kama hicho.

Katika vyumba vyetu kumi na viwili, chumba cha nne kiliwekewa kipepeo akitoka katika ganda. Kijana mdogo kuliko wote alipewa kazi ya kulilinda. Kila asubuhi alikuja kabla ya shule akalitazama, akachora kwa penseli katika daftari yake mabadiliko ya rangi. Ganda likawa la hudhurungi, likazidi kuwa jeusi, naye akatuambia ya kuwa mabawa yanakaribia. Asubuhi moja tulikuta katika ganda tundu dogo la mviringo, kama lililotobolewa kwa sindano, na nje yake wanatembea nyigu wadogo sana, hawapati milimita tatu, weusi wenye mng'ao wa kijani. Walitoka mmoja mmoja, wakazidi ishirini. Mama yao aliyatia mayai yake ndani ya ganda lilipokuwa bado laini, na watoto wake wamekula kilichokuwa kipepeo. Kijana alilia, nasi tulikuwa hatuna la kumwambia.

Hapo tulibishana. Mmoja wetu alisema chumba cha nne ni cha kipepeo, na vipepeo wamejaa nje, basi tumchore mmoja akitoka, nani atajua? Mwingine akamkumbusha yule mdudu nusu kwa nusu wa mkomamanga. Tena bibi Merian mwenyewe alipata kuona viwavi wake wakitoa nzi na nyigu badala ya kipepeo, naye aliwachora. Tuliyatazama maneno pande zote mbili, mwisho tukamwuliza kijana, kwa kuwa asubuhi zile zote zilikuwa zake. Alikaa kimya, kisha akaomba brashi nyembamba.

Picha ya nne, basi, ni ya ganda jeusi lenye tundu, na nyigu ishirini na mmoja juu ya jani la mndimu. Kipepeo alihamia chumba cha tano, naye alitoka katika ganda jingine majuma mawili baadaye. Picha zote zilipotundikwa, yule mzee jirani alikuja tena. Ana miche ya michungwa shambani kwake, na viwavi humla majani kila mwaka. Alipita picha ya kwanza, ya pili na ya tatu, akasimama mbele ya ile ya nne, akasogeza macho hata pua yake ikakaribia karatasi, akauliza nyigu hawa hupatikana saa ngapi za siku. Kijana akaenda kuleta daftari yake.